Mnyama Yupo, Lakini Hakai Katika Fulana



Juma hili tumeona vema kuyaweka kando masomo ya Dominika, ili tujibu swali lililoletwa kwetu na waamini kadhaa, baadhi yao wakiwa wazee wa jumuiya tunaowaheshimu sana. Wanauliza: kijana Mkatoliki akionekana amevaa fulana yenye picha ya shetani na maneno yanayomtaja Mnyama wa Kitabu cha Ufunuo, je, hiyo si dalili kwamba amejiunga na waabudu shetani? Na kama ndivyo, wanaoishi naye wana usalama gani, na majirani zake wana usalama gani? Mtu wa mjini anaweza kulicheka swali hili. Sisi tunaoishi Kaniha hatuwezi kulicheka, kwa kuwa tunajua maswali ya namna hii huishia wapi yasipojibiwa mapema.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Shetani yupo, na Mnyama aliyemwandika Yohane yupo. Lakini anayemtafuta katika fulana hatampata, na katika kumtafuta huko anaweza kuanza kumtumikia pasipo kujua. Sasa tueleze.

Fulana inayozungumzwa ilinunuliwa gulioni. Ilitoka katika robota la mitumba, kama zilivyotoka suruali na makoti ambayo wengi wetu tumekuja nayo Misani. Picha iliyochapwa juu yake ni jalada la albamu iitwayo The Number of the Beast, yaani Hesabu ya Mnyama, ya bendi ya Uingereza iitwayo Iron Maiden. Bendi hiyo ilianzishwa mashariki mwa London mwaka 1975 na mpiga gitaa la besi, Steve Harris. Muziki wao ni ile roki nzito iitwayo hevi metali: magitaa ya umeme yanayounguruma, ngoma za kasi, na mwimbaji anayepaza sauti mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Albamu hiyo, ya tatu kwao na ya kwanza kuimbwa na Bruce Dickinson, ilitoka tarehe 22 Machi 1982. Ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na nchini Marekani ikapata cheti cha platinamu, ambacho hutolewa kwa nakala zisizopungua milioni 1. Kitu kilichouzwa kwa wingi namna hiyo huchapwa katika fulana nyingi, na fulana nyingi huchakaa, na zilizochakaa kidogo hutufikia sisi. Hiyo ndiyo njia iliyomleta shetani huyo wa rangi nyekundu hadi wilayani Biharamulo, na katika njia hiyo yote hatuoni mahali alipoitwa kwa matambiko.

Picha yenyewe ilichorwa na Mwingereza Derek Riggs. Ni zimwi refu, ambalo bendi hiyo imelipa jina la Eddie, likimchezesha shetani kwa nyuzi kama mwanasesere. Na shetani huyo naye anamchezesha kwa nyuzi Eddie mwingine mdogo. Picha hiyo ilichorwa kwanza kwa ajili ya wimbo mmoja wa bendi hiyo ulioitwa Purgatory, neno ambalo sisi Wakatoliki tunalijua kuwa ni Toharani. Meneja wa bendi alipoiona, akaamua kuihifadhi kwa ajili ya albamu. Anayeitazama kwa utulivu ataona kwamba haimtukuzi shetani. Inauliza swali: ni nani hasa anayezishika nyuzi? Swali hilo tutalirudia.

Na ndani ya albamu mna nini? Wimbo unaoipa jina lake unatanguliwa na sauti ya mzee akisoma maneno yaliyotolewa katika sura ya 12 na ya 13 za Ufunuo. Msomaji si kuhani wa shetani; ni mwigizaji mmoja wa Uingereza, Barry Clayton, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Harris ameeleza kwamba wimbo huo ulitokana na jinamizi alilolipata baada ya kutazama sinema ya kutisha, na unasimulia hofu ya mtu aliyeona, au aliyedhani ameona, ibada ya giza. Wimbo mwingine unasimulia kuporwa na kuuawa kwa wenyeji wa Amerika na watu waliotoka ng'ambo. Wa mwisho umepewa jina lililotwaliwa katika Sala ya Bwana, pale tunaposema jina la Baba litukuzwe, nao ni mawazo ya mfungwa anayesubiri kunyongwa alfajiri. Padre anamfikia kumsomea sala za mwisho, naye anajiuliza kama kweli kifo ndio mwisho. Hatusemi kwamba nyimbo hizi ni katekesi. Zina mambo ambayo tusingewapa watoto wasikilize, na mmoja wao unazungumzia ukahaba bila aibu. Tunachosema ni kwamba mtu aliyezisikiliza hawezi kusema kwa ukweli kwamba ni ibada ya shetani.

Wapo Wakristo waliosema hivyo kabla yetu. Mwaka huohuo wa 1982, bendi hiyo ilipozuru Marekani, vikundi vya Kikristo viliandamana dhidi yake. Santuri zikachomwa moto, nyingine zikapondwa kwa nyundo. Matokeo yake yalikuwa tangazo kubwa ambalo bendi haikulilipia hata senti, na wanabendi wamelalamika mara nyingi kwamba waliowashutumu hawakuwa wamesoma maneno ya nyimbo zenyewe. Miezi michache baadaye akajiunga nao mpiga ngoma mpya, Nicko McBrain. Mwaka 1999 mtu huyo aliongoka, akawa Mkristo wa kusali na kushuhudia, na aliendelea kupiga ngoma jukwaani na bendi hiyohiyo hadi alipoacha ziara mwezi Desemba 2024. Kuna kisa kingine ambacho wanabendi wenyewe hupenda kukisimulia: siku za kurekodi albamu hiyo, mtayarishaji wao, Martin Birch, aligongana na gari lililobeba masista, na bili ya matengenezo ikamjia ikiwa pauni 666. Akakataa kulipa mpaka ibadilishwe. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinafundisha: hata mtu wa kazi ile, aliyekuwa akiuza hofu ya tarakimu hiyo kwa wengine, alikuwa mtumwa wa hofu hiyohiyo.

Sasa tumsikilize Yohane mwenyewe. Tulipokuwa seminarini walimu wetu wa Maandiko walitufundisha jambo ambalo linapaswa kujulikana na kila Mkristo. Kitabu cha Ufunuo kiliandikiwa makanisa madogo ya Asia yaliyokuwa yakionewa na dola ya Kirumi, na kwa usalama wao kilitumia mafumbo. Katika Kiebrania kila herufi ina thamani ya hesabu, na jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi hizo linatoa jumla ya 666. Katika baadhi ya nakala za kale hesabu hiyo imeandikwa 616, ambayo ni jumla ya jina hilohilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini. Nero ndiye aliyewatesa na kuwaua Wakristo wa Roma baada ya mji kuungua mwaka 64. Mnyama wa Yohane, basi, ni mamlaka inayojifanya Mungu na kuishi kwa damu ya wasio na hatia, iwe ile ya Nero, iwe nyingine yoyote itakayofanana nayo. Na tangu karne ya 2 Mtakatifu Ireneo wa Lyon, aliyezijua nakala hizo zenye tofauti, aliwaonya Wakristo wasikimbilie kubandika hesabu hiyo kwa jina la mtu fulani. Onyo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 1,800, nasi bado hatujalitii.

Tena Yohane ametupatia alama ya kumtambulisha Mnyama na mji wake, iliyo wazi kuliko tarakimu. Someni sura ya 18. Yohane anaorodhesha bidhaa za wafanyabiashara wa Babeli: dhahabu, kitani, pembe za ndovu, mvinyo, ngano, mifugo, na mwisho kabisa wa orodha hiyo, baada ya farasi na magari, anataja miili na nafsi za wanadamu. Hapo ndipo alipo Mnyama. Yupo mahali ambapo mwili wa mwanadamu umewekewa bei.

Je, sisi wa mkoa wa Kagera tunahitaji kwenda London kumtafuta? Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini mwetu kati ya mwaka 2000 na 2015, wengi wao katika kanda hii ya Ziwa, kwa sababu wapiga ramli waliwaaminisha wateja wao kwamba kiungo cha mwenzao kitawaletea dhahabu, samaki au kura. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino, wa miaka 2 na miezi kadhaa, alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwezi Juni mwili wake ulipatikana, baadhi ya viungo vikiwa vimekatwa. Miongoni mwa watu 9 waliofikishwa mahakamani mwezi huo walikuwamo baba wa mtoto huyo na padre. Hukumu ni ya mahakama, wala sisi hatuitangulii. Lakini hatuwezi, kwa dhamiri safi, kuandika ukurasa mzima juu ya shetani aliyechorwa kwenye pamba na kunyamazia kwamba shitaka la kumuua mtoto huyo lilifika hadi kwa mtu wa daraja letu. Watoto wetu wamelisikia jambo hilo redioni. Wanajua. Kama tutawaambia kwamba adui wa roho zao ni mpiga gitaa wa Uingereza, watatutazama usoni na hawatatuamini tena.

Na sasa tunafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Tunalisimulia kwa ridhaa ya mhusika, bila kutaja jina wala kigango. Kijana aliyeinunua fulana ile ni yatima, amelelewa na bibi yake mzaa mama, mjane ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni za miaka zaidi ya hamsini. Juma la kwanza watu walizungumza juu ya fulana. Juma la pili walizungumza juu ya kijana: amepata wapi simu, mbona anasikiliza vitu vya ajabu usiku. Juma la tatu hakuna aliyezungumza tena juu ya fulana wala kijana. Walizungumza juu ya bibi: mbona wanawe wawili walikufa mapema, mbona yeye bado yupo, mbona macho yake yako vile. Ndama wa jirani alipokufa, mtu fulani alisimama usiku mbele ya mlango wake akapaza sauti kwamba ahame. Naye amehama. Hadi tunapoandika haya, mama huyu, ambaye amekuwa mwana-WAWATA tangu baadhi yetu hatujabatizwa, analala kwa binti yake katika kijiji kingine.

Wapendwa, hiyo ndiyo njia ambayo hofu hupita. Huanza na picha, na picha haiwezi kupigwa ikalia. Kwa hiyo hofu hutafuta mtu, tena humtafuta yule asiye na mume, asiye na mwana wa kiume mwenye nguvu, asiye na mtetezi. Tumewazika wanawake wazee waliokufa kwa mapanga katika kanda hii, na kila mmoja wao alianza kufa siku ile jirani alipouliza swali kwa sauti ya chini. Tukiuliza tena ni nani anayezishika nyuzi, hatumwoni Iron Maiden. Tunamwona mpiga ramli anayelipwa kwa kumtaja mtu. Nyuma yake tunamwona jirani anayelitamani shamba la mjane. Na nyuma ya hao wote yupo yule ambaye Bwana wetu alimwita muuaji na baba wa uongo.

Msituelewe vibaya. Hatuko miongoni mwa wasomi wanaodhani kwamba shetani ni hadithi ya kuwatishia watoto. Baba Mtakatifu Paulo wa VI, katika katekesi yake ya Novemba 1972, alisisitiza kwamba Mwovu ni kiumbe halisi wa kiroho, nasi tunakiri hivyo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 395, inafundisha kwamba uwezo wake una mpaka, kwa kuwa yeye ni kiumbe tu. Na namba 2116 na 2117 zinakataza ramli na uchawi wa kila namna, hata ule unaofanywa kwa kisingizio cha kutibu. Ukidhani kuna mtu anayesumbuliwa na pepo, Kanisa lina utaratibu: kinga kuu ya Mkristo ni ubatizo wake, kitubio, Ekaristi na sala, na kupunga pepo kwa namna rasmi hufanywa na padre aliyepewa ruhusa ya pekee na Askofu, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa. Hakuna mahali popote katika utaratibu huo ambapo kundi la watu linatumwa usiku kwenye mlango wa mjane.

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Wazazi watasema: Padre, hata kama picha ile haina nguvu, je, ni mfano mwema kwa kijana wa kwaya? Nao wana haki ya kuuliza. Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii Korintho, ambako nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilikuwa imetolewa kwanza kwa sanamu. Aliwajibu mara mbili, na majibu yote mawili yanatuhusu. Kwanza, katika sura ya 8 na ya 10 za barua yake ya kwanza, aliwafundisha kwamba sanamu si kitu, na kwamba wale wanachonunua sokoni bila kuhangaisha dhamiri zao kwa maswali. Kwa maneno mengine, fulana ya gulioni ni kitambaa. Pili, alisema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu aliye dhaifu, yeye yuko tayari kukiacha, kwa sababu ya upendo. Basi tumemwita kijana wetu tukamweleza hivyo. Hatukumwambia aichome fulana, kwa maana kuchoma ni kukiri kwamba ina nguvu. Tulimwambia asije nayo kanisani wala asiivae mbele ya wazee wanaokwazika, na afanye hivyo kwa hiari, kwa upendo, wala si kwa hofu. Amekubali. Ameanza kuivaa shambani.

Lakini Paulo hakuwapa wale dhaifu ruhusa ya kuwafukuza wenzao. Anayekwazika ana haki ya kuhurumiwa. Hana haki ya kutesa. Kijana amekwisha kutimiza sehemu yake. Sasa ni zamu ya wazee wake.

Na kwenu wazazi tunaongeza neno moja. Muziki wa namna hii hauko mbali tena. Nairobi kuna vijana wanaoupiga. Kundi liitwalo Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia studio ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mtoto mwenye simu janja anaweza kuisikiliza akiwa amepanda mti wa maembe. Hamtaweza kuziba masikio yake. Mnaweza kukaa naye. Mwulizeni anasikia nini humo. Huyu wa kwetu tulipomwuliza, alitujibu kwamba wimbo anaoupenda ni ule wa mfungwa anayengoja asubuhi, kwa sababu unamfanya amfikirie mama yake alipokuwa akingoja kufa wodini. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwuliza. Tulikaa kimya naye kwa muda, kisha tukasali pamoja sala ile ambayo wimbo huo umechukua jina lake kwake. Kijana mwenye uchungu atakwenda penye sauti inayolingana na uchungu wake. Ikiwa nyimbo zetu za Dominika zote ni za kushangilia, tusishangae akitafuta kilio chake kwingine, hali sisi tuna Zaburi zilizojaa vilio na tumeacha kuziimba.

Hatimaye, tutende. Mjane wetu amesema yuko tayari kurudi, kwa sharti moja: waje kumchukua majirani wenyewe, mchana, si Padre peke yake. Sharti hilo ni la haki. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tunawaalika wanajumuiya, WAWATA, vijana wa kwaya, na hasa wale waliosema na wale waliosikia wakanyamaza, twende pamoja kumleta nyumbani. Mafundi wawili wamejitolea kumjengea jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi. Anayeweza kuleta matofali, udongo wa kichuguu au bati kuukuu, na alete. Jiko la aina hiyo litamsaidia macho kuliko maombi ya watu wanaoyaogopa. Mwenyekiti wa kitongoji na polisi wamearifiwa, kwa kuwa kumtishia mtu nyumbani kwake ni kosa la jinai, nasi hatutamficha anayefanya hivyo hata akiwa mwamini wetu wa kila siku.

Ee Bwana, uliyeshuka hadi kuzimu na kutoka ukiwa mzima, utuondolee hofu inayotufanya wakatili. Utupe macho ya kumtambua Mnyama alipo, na moyo wa kuwalinda wale anaowawinda.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu